Mwageni Rangi, Ndipo Mkate

Ninyi mnaoshika mrija wa kolonoskopi, nawasihi: msiukimbilie waya wa kukatia! Mmekiona kinyama kwenye utumbo mpana, mikono inawawasha. Tulieni. Kiosheni kwa maji, mkinyunyizie indigokamini, mkisogezee lenzi, mtazame.

Rangi hiyo ya buluu hainyonywi na utando wa utumbo. Hutuama mabondeni kama maji ya mvua kwenye makorongo ya barabara ya vumbi, na kilichojificha kikajitokeza. Daktari Shin-ei Kudo aliishikilia njia hii ya rangi kule Akita, Japani, huku wengi wa Ulaya na Marekani wakidhani saratani bapa, zilizobonyea, ni mambo ya Wajapani peke yao. Walipojifunza kutazama, wakazikuta kwao! Mwaka 1994 yeye na wenzake wakachapisha namna ya kusoma vitundu vya utando, lenzi ikikuza hadi mara 100 hivi.

Basi someni! Vitundu vya mviringo, au vya umbo la nyota, kwa kawaida si vya kutisha. Ila nyota zilizopanuka, hasa upande wa kulia wa utumbo, msiziamini. Vikirefuka mithili ya mirija, au vikijikunja-kunja, hiyo ni adenoma, iondoeni. Vikivurugika, kila kimoja na umbo lake, ongezeni kristali violeti, inayozama ndani ya seli, mkaze macho. Na vitundu vikiwa vimefutika kabisa, jamani, wekeni waya chini! Hapo huenda saratani imeshapenya kwenda chini, na mgonjwa anamhitaji daktari wa upasuaji. Kuikata juu juu ni kumtuma mtu nyumbani na ugonjwa wake.

Mtaniambia mitambo ya leo ina kitufe cha mwanga wa buluu na kijani. Kibonyezeni, sikikatai! Lakini mkisitasita, chupa ya rangi iwe karibu. Na mlichokikata kipelekeni maabara. Jicho lenu halijamstaafisha mtaalamu wa patholojia.

Nawe mgonjwa, usicheke pembeni, una lako. Hakuna rangi inayosomeka juu ya kinyesi. Dawa ya kusafishia tumbo inywe yote, ya jioni na ya alfajiri, hata ikikutia kichefuchefu. Na asubuhi hiyo choo kikiwa bado cha kahawia, mwambie nesi kabla hujapanda kitandani.