Urithi wa Takaungu, Vita vya Gazi

Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa Takaungu. Wa kumrithi walikuwa wawili. Mbaruk bin Rashid alikuwa mkubwa kwa umri, na kwa mila ya ukoo ndiye aliyestahiki. Rashid bin Salim alikuwa mtoto wa marehemu, kijana aliyepatana vizuri na maafisa wa Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani kwa hati ya mwaka 1888. Kampuni ikamchagua Rashid. Barua zikaandikwa, jina likaingizwa kwenye vitabu, na wakubwa wa Mombasa wakaona shauri limekwisha.

Mbaruk akaondoka Takaungu na watu wake, na baada ya mapigano ya kaskazini akakimbilia kusini, Gazi. Hapo alikuwako Mbaruk bin Rashid mwingine, jina moja na ukoo mmoja, mzee ambaye alikuwa amepigana na masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Wakati huo alikuwa ametulia, tena anapokea posho ya Kampuni. Akatakiwa amtoe mgeni wake. Mzee hakumtoa. Atamtoaje mtu wa damu yake aliyekuja kuomba hifadhi, kwa kosa la kudai haki ambayo ukoo mzima unaijua? Afisa aliyekaa siku moja na wazee barazani angeambiwa mapema kwamba jibu litakuwa hilo.

Manowari zikaja. Mzee akaingia bara, kwenye ngome yake ya Mwele, upande wa milima ya Shimba. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson akaiteka Mwele, lakini vita havikuisha. Vilienda msituni na vijijini, vikawakumba watu ambao hawakuwa na lolote la kurithi Takaungu, mpaka serikali mpya ya himaya, iliyoipokea pwani kutoka kwa Kampuni mwezi Julai mwaka huohuo, ikaleta kikosi kutoka India. Aprili 1896 mzee wa Gazi alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Gazi hakurudi kuitawala tena.

Sisemi kwamba Wamazrui walikuwa malaika. Nguvu za mzee wa Gazi zilisimama juu ya migongo ya watumwa, na wapo waliopumua alipoondoka. Wala vita vile havikuwa na sababu moja tu. Lakini mlango wake ulifunguliwa na uamuzi mmoja wa ofisini, na waliouamua hawakuwa wajinga. Walisoma, walikuwa na mikataba, ramani na makarani. Waliujua utaratibu, wakadhani kuujua utaratibu ni kuwajua watu.

Kisa hiki kingefaa kusomeshwa Matuga, wanakofunzwa watumishi wa serikali. Kutoka Gazi si mbali: unapita Ukunda, unapita Tiwi, umefika. Chuo cha serikali kilichoko pale ni tawi la taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, mrithi wa ile iliyoanza Kabete mwaka 1961 ili kuwaandaa Waafrika kushika ofisi za mkoloni. Majirani zetu walitangulia: Mzumbe, kule Morogoro, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, na leo ni chuo kikuu kamili. Vyuo vikuu vyetu navyo vinatoa shahada za uzamili za utawala wa umma, na watumishi wa kaunti wanazisomea jioni na Jumamosi, wengi kwa pesa zao. Nauheshimu sana mzigo huo.

Ninachokiogopa ni pale masomo yanapogeuka ngazi ya cheo peke yake. Katika miundo ya utumishi ya Kenya, anayetaka kupanda hadi ngazi za juu hudaiwa cheti cha kozi ya uongozi isiyopungua wiki nne, na juu zaidi isiyopungua wiki sita. Nia ni njema. Lakini mtu akishajua kwamba kinachotakiwa na tume ya utumishi ni cheti, ataketi wiki sita akikisubiri cheti. Atajifunza kuyataja maadili ya kifungu cha 10 cha Katiba bila kukosea hata moja: uwazi, uwajibikaji, ushirikishaji wa wananchi. Kisha atarudi kazini, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuitisha baraza.

Mabaraza hayo tunayajua. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu juzi, kwa Kiingereza. Mkutano ni saa nne asubuhi, saa ambayo bamvua limewapeleka wavuvi nje na kina mama wako sokoni. Waliokuja wanapewa karatasi yenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Inapita kutoka goti hadi goti kabla hata mgeni hajasimama kusema. Mtu anatia sahihi kwa sababu jirani ametia, na kwa sababu nauli hulipwa kwa orodha hiyo. Mwisho karatasi inakunjwa, inapelekwa ofisini, inawekwa nyuma ya ripoti, na ripoti inasema wananchi wameshirikishwa. Siku mradi unapoleta ugomvi, karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa kama ushahidi kwamba mlikubali.

Sheria hairuhusu mchezo huo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka wananchi wapewe habari kwa wakati, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, si wa kujionyesha. Afisa wetu alifundishwa yote hayo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na darasa la Matuga, hata lifundishe vizuri namna gani, halikulalia kitanda cha Gazi.

Tena Gazi yenyewe inaonyesha njia nyingine, ndiyo maana nimeing'ang'ania. Miaka ya sabini mikoko ya ghuba hii ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na mahali pengine pakabaki tope tupu. Watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi walipoanza kupanda upya, walipanda pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Mikoko Pamoja mwaka 2013: hekta 117 zinazotunzwa na watu wa Gazi na Makongeni, wakilipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti hiyo inaizuia, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Kamati inachaguliwa na wenyeji. Pesa zikija, watu wanakaa na kusema zifanye nini, na zimefanya: maji, vitabu vya shule. Kutunza msitu huo kulihitaji makubaliano na idara ya misitu, hesabu za kukaguliwa na watu wa nje, na subira ya miaka. Ugomvi haukukosekana, maana panapoingia pesa hukosi maneno. Lakini ugomvi ulikuwa na mahali pa kusemewa, na wasemaji walikuwa wenye mikoko.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoendesha kozi hizi, wa Matuga na wa vyuo vikuu, ni hili: wiki moja katika hizo sita iwe nje ya ukumbi. Wapelekeni maafisa Gazi, wakae kwenye kikao cha kamati bila kipaza sauti na bila kiti cha mbele, wasikilize wazee wa kijiji na kina mama wa mikoko mpaka mwisho. Kisha wenyeji hao waulizwe kama wamesikilizwa, na jibu lao lihesabiwe katika alama za cheti. Nawe msomaji, uwe Msambweni, Vanga au Lungalunga, ukiletewa karatasi ya mahudhurio kabla ya mkutano kuanza, irudishe mezani. Sikiliza kwanza, uliza maswali yako, na utie sahihi ukishajua itatumiwa kwa nini.