Muziki Ukisha Kunyamaza

Sauti ikisha kukatika, muziki huwa wapi? Suala hili walilojadili wanafalsafa karne nyingi limekaa wazi mbele yetu katika Maktaba ya Taifa ya Chuo Kikuu mjini Torino, Italia, zilimohifadhiwa nuskha za mkono za Antonio Vivaldi, padri wa Venezia aliyefariki fukara mjini Vienna mwaka 1741, nuskha ambazo kwa karibu karne mbili hazikumfaa mpigaji yeyote.

Mwenye kushikilia kwamba muziki ni sauti tu hana budi kusema kwamba ile Gloria ya Vivaldi ilikufa pamoja naye, kisha ikaumbwa upya Siena mwezi wa Septemba 1939, mtunzi wa Kiitalia Alfredo Casella alipoitoa hadharani. Lakini Casella hakuwa muumba wake. Na mwenye kudai kwamba muziki ni dhati ya milele isiyohitaji karatasi, na atueleze hasara ingekuwa gani lau majalada yale yangaliliwa na mchwa. Itikadi yangu ni kwamba nyimbo zile zilikuwako kama wasia ulivyoko: maiti amekwisha sema, neno lake halijabatilika, bali haliwi kitu duniani mpaka apatikane aliye hai wa kulitekeleza.

Nao walipatikana. Mwaka 1926 mapadri Wasalesio wa Borgo San Martino, wakihitaji fedha za kutengeneza jengo lao, walitaka kuuza vitabu vya kale, na Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki aliyepewa kazi ya kuvikagua, akamtambua Vivaldi. Kisha, kwa kuchungua namba za majalada, akajua kwamba nusu nyingine haimo, nayo ikaja kuonekana Genova kwa warithi wa ukoo wa Durazzo. Maktaba haikuwa na fedha. Roberto Foà alinunua sehemu ya kwanza kwa kumkumbuka mwanawe Mauro, aliyekufa mchanga, na Filippo Giordano, aliyefiwa na mwanawe mdogo Renzo, akainunua ya pili mwaka 1930, wote wawili wakizitoa sehemu hizo kwa maktaba. Sadaka ya kudumu, iliyotolewa na mababa waliojua kwamba hakuna wimbo wa kuwarudishia watoto wao.

Gentili hakufaidi matunda ya kazi yake. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za kuwabagua Mayahudi, naye, kwa kuwa ni Myahudi, akaondolewa katika chuo alichofundisha, mwaka mmoja kabla ya Siena kushangilia. Na dhulma hiyo siwezi kuitenga na furaha ya watu wa Siena.