Ukimaliza, Utarudi Darasa la Awali?

Anayeomba kusoma shahada ya uzamili, hasa akitafuta ufadhili wa nchi kama China au Korea Kusini, hutakiwa kuandika mpango wa masomo: ametoka wapi, anataka kusoma nini, atatafiti nini na akimaliza atafanya nini. Nimeshasoma mipango ya walimu kadhaa wa hapa Singida wanaotaka kubobea katika elimu ya awali, na siku hizi naanza na aya ya mwisho. Wengi huahidi kuwa wahadhiri, au washauri, au kujiunga na shirika. Sijaona anayeahidi kurudi kukaa mkekani na watoto wa miaka mitano.

Siwezi kuwalaumu. Kwetu, mwalimu kupanda ni kuwaacha wadogo. Akipata stashahada anaulizwa kwa nini bado yuko awali. Akipata shahada anaulizwa lini atahamia sekondari. Wapo watu wazima, tena wenye watoto, wanaoamini kwamba kazi ya darasa la awali ni kuimba na kufuta makamasi.

Mtazamo huu una historia. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka watoto waanze shule wakiwa wakubwa zaidi kuliko ilivyokuwa, ili wamalizapo shule ya msingi wawe wamekomaa kiasi cha kushika kazi za kijiji. Kwa taifa ambalo elimu ya msingi ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa walio wengi, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini miaka ya kabla ya saba ikabaki ya mama na bibi. Sera ya mwaka 1995 ndiyo iliyoiingiza elimu ya awali kwenye mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaifanya ya lazima. Ada zilipofutwa mwaka 2016, madarasa yakafurika. Desemba 2021 Serikali ikazindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayomtazama mtoto tangu tumboni hadi miaka minane. Sera imekwenda mbio. Heshima kwa mwalimu wa awali bado iko njiani.

Binti wa kaka yangu anafundisha awali katika shule moja ya kijijini. Alipoleta rasimu ya mpango wake alisema, "Shikamoo shangazi, naomba uniangalizie lugha tu."

"Marahaba mwanangu. Lugha haina tatizo. Ila humu ndani sijamwona mtoto hata mmoja."

Aya ya kwanza ilikuwa ya malengo ya maendeleo endelevu. Ya pili ilimtaja James Heckman, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, pamoja na utafiti wa Perry uliofanyika Ypsilanti, Michigan, katika miaka ya 1960. Karibu kila mwombaji huutaja, na unastahili kutajwa. Watoto 123 wa familia maskini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapata chekechea bora, jingine halikupata, kisha wakafuatiliwa hadi utu uzima. Waliopata walisoma zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, na wachache kati yao walikamatwa na polisi.

Waombaji huishia hapo, na ndipo panaponiuma. Chekechea ile ilifanya kazi kwa sababu gani? Walimu wake walikuwa na shahada. Kila mmoja alikuwa na watoto wachache, kama sita hivi, na kila wiki aliwatembelea nyumbani kwao. Kwetu mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na anayefundisha kijijini anajua hali halisi ilivyo. Matokeo yale yanayonukuliwa duniani kote yaliletwa na watu waliosoma sana wakakubali kubaki na watoto wadogo. Kuutumia utafiti huo kuombea shahada, halafu katika aya ya mwisho ukaahidi kwenda ofisini, ni kujipinga mwenyewe.

Nikamwomba aache rasimu, anieleze kinachomkosesha usingizi. Hakusita. Kuna watoto wa Kinyaturu wanaofika kwake bila Kiswahili. Nyumbani mtoto huyo ni msemaji, anawajua mbuzi wa babu yake wote na akikosekana mmoja anasema ni yupi. Darasani anakaa kimya muhula mzima, na tathmini inaandika kwamba hawezi kuhesabu. Darasa hilohilo lina Wasukuma na Wabarbaig. Kule wilayani Mkalama, katika kijiji cha Munguli, wapo watoto wa Kihadzabe ambao lugha yao haina undugu na lugha yoyote ya majirani zao.

Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia awali katika shule nyingi za Serikali, na mimi ninayeishi kwa kukiandika nakitakia kila mtoto. Lakini tangu 1953 UNESCO ilishauri mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama. Mwalimu afanye nini katika wiki zile za kwanza? Je, akialikwa bibi wa kijijini kuja kusimulia na kuhesabu pamoja nao kwa Kinyaturu, yule mtoto atafungua kinywa mapema zaidi, hata kwa Kiswahili? Swali hili halihitaji kupambwa. Linatafitika: shule chache, ruhusa za wazazi, mtafiti anayeketi nyuma na kurekodi nani anasema, lini, kwa lugha gani.

Swali likishapatikana, chuo kinatafutwa kwa kufuata msimamizi anayelielewa. Anaweza kuwa ng'ambo. Anaweza pia kuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, hapo jirani, au Aga Khan Dar es Salaam. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Singida, na mwalimu anaweza kusoma bila kuliacha darasa.

Tukafika aya ya mwisho. "Shangazi, nikirudi na uzamili nikakaa mkekani, si watanicheka?"

"Watacheka, mwanangu. Na watoto wao watakuwa kwako."

Lakini hofu yake haikuwa kicheko tu. Nafasi ya mwalimu wa awali mwenye uzamili haionekani katika mpangilio wetu wa kazi. Kwa hiyo ameiandika yeye mwenyewe: atarudi kata yake, asubuhi afundishe awali, na mchana, kwa kuwa watoto hao hutoka mapema, akutane na walimu wenzake wa awali wa kata nzima. Utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini tayari upo. Unachokosa ni mtu wa namna hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo aya bora kuliko zote alizoandika.

Sasa anasubiri ruhusa ya mwajiri. Ninachoomba kwa wanaosaini ruhusa kama hizi ni mambo mawili: wamtafute mapema atakayeshika darasa wakati mwalimu yuko masomoni, na katika barua hiyohiyo wataje darasa la awali atakalorudi kulifundisha.