Kilomita Kumi za Mandera

Ukiwa Mandera mjini, kwenye pembe ile ambapo Kenya inakutana na Ethiopia na Somalia, ng'ambo si mbali. Bula Hawa ya Somalia iko karibu kiasi kwamba mtu hutoka kwake asubuhi, akafanya biashara yake huko, akarudi kula chakula cha mchana na watoto wake. Watu wa pande hizo mbili walikuwa wakioana na kuzikana kabla wakoloni hawajachora mstari wao. Hapo ndipo serikali ya Kenya ilipoanza, mwaka 2015, kujenga ukuta.

Ukuta ndilo neno tulilopewa mwanzoni. Mpaka mzima wa Kenya na Somalia una urefu wa kilomita 700 hivi, nasi tukaelewa kwamba wapiganaji wa al-Shabaab kutoka Somalia sasa watafungiwa nje. Baadaye neno likashuka cheo, likawa uzio: nguzo na waya. Ilipofika Machi 2019 wabunge walipitisha hoja ya kusimamisha kazi, baada ya kusikia kwamba Sh3.4 bilioni zimekwisha kutumika na kilichosimama ni kilomita 10 tu.

Chukua kalamu. Sh3.4 bilioni kwa kilomita 10 ni Sh milioni 340 kwa kilomita moja. Kwa mita moja, yaani hatua ndefu ya mtu mzima, ni Sh340,000. Ukienda kwa bei hiyo hadi mwisho wa mpaka, utahitaji Sh238 bilioni, na hapo hujamlipa hata askari mmoja wa kuulinda huo waya. Hesabu hii haihitaji mkaguzi. Mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Sitasema nani alikula nini, kwa sababu sijui. Kinachonisumbua ni kwamba mradi ulitembea miaka minne kabla Bunge halijasema basi. Mwanakijiji akijenga boma la ng'ombe huuliza bei ya fito kabla hajachimba shimo la kwanza. Serikali yenye wahandisi, wahasibu na makatibu wakuu ilitangaza kilomita 700, kisha ikaja kushangaa kwenye ya kumi.

Jibu liko katika majira yenyewe. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na abiria 28 wakauawa. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36 waliuawa machimboni, huko huko Mandera. Aprili 2, 2015 ikaja Chuo Kikuu cha Garissa: watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa kati ya alfajiri na jioni. Mzazi aliyepokea mwili wa binti yake wa mwaka wa kwanza hawezi kukaa kuuliza bei ya waya. Anataka kuona kitu kinasimama. Na kitu kinachoonekana upesi machoni pa mwenye majonzi ni ukuta. Fedha za mpaka huombwa wakati kama huo, watu wakiwa bado wanalia, na anayenyoosha mkono kuuliza swali huonekana hana utu.

Laiti mtu mmoja angeuliza hata hivyo, angeuliza hivi: ukuta huu ungemzuia nani? Mmoja wa wale wanne walioshambulia Garissa alitambuliwa na serikali yenyewe kuwa ni Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuwa mgeni nchini. Ndiko kwao. Na mwaka ule ule wa 2019 wabunge waliposimamisha uzio, mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuhusika na shambulio hilo. Wawili ni Wakenya. Wa tatu ni Mtanzania, na sijasikia bado mtu akipendekeza seng'enge kutoka Vanga hadi Ziwa Victoria.

Kuhusu siku yenyewe ya Garissa, washambuliaji waliingia chuoni alfajiri, wakakuta ulinzi wa askari wawili kwa mamia ya wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kilichopo Nairobi kilifika mchana, waandishi wa habari waliokwenda kwa barabara wakiwa wameshatangulia. Mafuta ya ndege na rubani aliye tayari kwa zamu havina ufunguzi rasmi wa kukatiwa utepe. Labda ndiyo maana havikupata fungu.

Iko siku moja ambayo watu wa huko hawaisahau. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa kwa risasi karibu na El Wak. Washambuliaji walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule, kama walivyofanya mwaka uliotangulia. Ndani ya basi wanawake walikuwa wameshaanza kupitishiana hijabu kutoka kiti hadi kiti, wale Wakristo wajifunike. Waislamu wakakataa kushuka upande wao. Wakasema tuueni sote au mtuache. Watu wawili walipoteza maisha, lakini wengi walinusurika. Naibu mwalimu mkuu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari iliyofuata akiwa hospitalini Nairobi. Ule ndio ulinzi wa mpaka niliouona ukifanya kazi, na haukuwa kwenye kitabu cha bajeti.

Lakini nisiwaonee waliojenga uzio, kana kwamba wao ndio waliovumbua mwenendo huu. Waliurithi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilihitaji mtambo mpya wa kutengeneza pasipoti. Haja ilikuwa ya kweli. Hati za zamani zilighushiwa kwa urahisi, na nchi ilikuwa imelipuliwa mara mbili, Nairobi mwaka 1998 na Kikambala mwaka 2002. Kampuni ya Ufaransa ilitaja bei ya yuro milioni 6. Kazi hakupewa Mfaransa. Ilipewa Anglo Leasing, kwa yuro milioni 30 hivi, nayo ndiyo ingemwita Mfaransa yule yule aje aifanye. Anwani ya Anglo Leasing ilikuwa Liverpool, Uingereza. Waliokwenda kuitafuta hawakukuta kampuni.

Zabuni ya wazi haikuwepo, kwa sababu tuliambiwa ni mambo ya usalama. Neno hilo ni kufuli. Ukilitia mlangoni, mkaguzi anabaki nje, mbunge anabaki nje, na walio ndani hawaonekani wanafanya nini. Aprili 2004 mbunge Maoka Maore alipeleka bungeni nyaraka za malipo ya kwanza. Mwezi uliofuata yuro 956,700 zikarudishwa serikalini, kimya kimya, na hakuna aliyejitokeza kusema mimi ndiye niliyezirudisha. Mimi nimepoteza pochi mara tatu katika maisha yangu na haijawahi kurudi yenyewe. John Githongo, aliyekuwa katibu mkuu wa utawala bora na maadili, alipochimba zaidi aliikuta mikataba mingine ya usalama ya namna hiyo. Hesabu yake ikafika 18. Mwanzoni mwa 2005 alijiuzulu akiwa London, na akabaki huko akihofia maisha yake.

Ungedhani hadithi iliishia hapo, mtambo wa pasipoti haukununuliwa kwa bei ile na fedha za mwanzo zimerudi. Lakini kampuni mbili zenye mikataba ya kundi lile zilikwenda mahakamani Ulaya kudai chao, zikashinda. Mei 2014 Kenya ilikuwa inajiandaa kuuza hati fungani yake ya kwanza nje ya nchi, ya dola bilioni 2, na deni la hukumu za mahakama lingewatia wanunuzi wasiwasi. Hazina Kuu ikatoa Sh1.4 bilioni za walipa ushuru, ikazilipa kampuni hizo.

Mwaka uliofuata mafundi wakaanza kusimamisha nguzo Mandera.