Je, Ni Halali Kumwongoza Mtu Pasipo Yeye Kujua?

Kila apandaye gari kutoka Mombo kwenda Lushoto aijua njia ile: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na kona zafuatana hadi Soni na kupita. Hapo roho za abiria wote zimo mikononi mwa mtu mmoja.

Katika mwaka 2006, huko Chicago, Marekani, mafundi walichora mistari myeupe ya kukata barabara karibu na kona moja ya hatari kando ya ziwa. Kadiri gari liikaribiapo kona, mistari yazidi kukaribiana. Dereva ahisi kwamba mwendo wake unaongezeka, naye apunguza kasi kabla hajafikiri. Mistari yenyewe haimshurutishi wala haimshauri.

Je, ni halali? Wako wasemao kwamba binadamu si ng'ombe wa kuswagwa. Mwenye akili na aambiwe ukweli. Neno hilo ni zito. Lakini mistari ile haimnyang'anyi dereva hiari yake, tena sababu yake imeandikwa vitabuni kwa wote. Kipimo chetu ni hiki: hila iwezayo kuelezwa hadharani pasipo haya, na aliyefanyiwa akashukuru, si dhuluma. Ile isiyoweza kuelezwa ni wizi wa hiari ya mtu.

Hata hivyo, haitoshi. Mistari yapunguza mwendo, haimfanyi mtu kuwa mwema. Akifika penye kona isiyo na mistari, dereva ni yule yule.

Huko Kenya, katika mwaka 2008, wataalamu James Habyarimana na William Jack walijaribu njia nyingine. Ndani ya matatu yalibandikwa maandishi ya kuwahimiza abiria wamkemee dereva aendeshaye ovyo. Madai ya bima katika magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Hapo hapakuwa na hila yoyote. Lilikuwa neno la wazi, lililowapa abiria ujasiri.

Basi tusiwaachie mafundi peke yao kazi hii. Ni mara ngapi twateremka kutoka Soni kwa kasi, mioyo yadunda na midomo imefumbwa, kisha tukifika salama ndipo twanung'unika? Kunyamaza nako ni tendo, nasi tutaulizwa juu yake. Enyi wazazi, watoto wenu na wawasikie mkisema kwa adabu: "Dereva, pole pole, tafadhali."