Mume Aliyekuwa Zimwi

Wengi wetu twaijua hadithi ya msichana aliyekataa wachumba wote. Vijana wa kijijini walikuja kumposa, naye akawakataa, huyu kwa kovu lake, yule kwa umaskini wake. Hata siku moja akafika mgeni mwenye sura nzuri na maneno laini, wala hapana aliyejua kwao. Msichana akampenda, mahari ikatolewa, arusi ikafanywa, na bibi arusi akachukuliwa safari ya mbali. Kumbe mume yule ni zimwi. Tena mama mkwe na mashemeji na wote wa nyumba ile ni mazimwi, nao wamngoja anenepe wamle. Kila kabila lina namna yake ya kuitoa: huku mume ni fisi, kule ni simba, kwingine ni nyoka mkubwa.

Sisi wazee twaipenda hadithi hii, maana yatusaidia. Tukiisha kuisikia twaongeza mithali, Mchagua nazi hupata koroma, na wasichana hunyamaza. Lakini naona ya kuwa twaitazama kwa upande mmoja tu. Ni nani aliyempokea mgeni yule barazani? Ni nani aliyeihesabu mahari? Msichana alidanganywa na sura. Baba yake, je, alidanganywa na nini? Juu ya baba hadithi haisemi neno. (Waitoao ni bibi zetu, na labda mabwana zao walikuwa wameketi karibu wakisikiliza.)

Tena twamsahau mtu aliye mkubwa kuliko wote katika hadithi. Katika namna nyingi yuko mdogo wake bibi arusi, mtoto mwenye vidonda, ambaye hapana atakaye kwenda naye. Wamfukuza, naye awafuata kwa nyuma. Usiku dada yake amelala, yeye yu macho. Awasikia wenye nyumba wakinong'ona. Asubuhi amwambia dada yake, wala hasadikiwi. Lakini mwishowe ndiye amwokoaye. Kwa nini mtoto yule aliona, na wazee hawakuona? Nadhani ni kwa sababu hakupata kitu katika arusi ile. Hakula mahari, wala hakusifiwa na majirani kwa kumwoza binti kwa mtu mwenye mali. Hapana lililomfumba macho.

Kwetu Kapalamsenga, na katika mkoa wote wa Katavi, mambo haya si ya hadithi tu. Nchi hii imepokea wageni wengi: Wasukuma waliofuata malisho ya ng'ombe, na watu waliokimbia Burundi tangu mwaka wa 1972 wakapewa makao Katumba na Mishamo, ambao maelfu kwa maelfu walipata uraia mwaka wa 2014. Zamani mshenga aliweza kwenda kwa miguu hata kijiji cha mchumba, akauliza habari za ukoo wake. Sasa kwao mchumba pengine ni mbali sana. Lakini mtu asinielewe vibaya: ugeni si uzimwi. Hata yule tunayemjua babu yake aweza kuufunga mlango usiku na kuwa mtu mwingine. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki nguoni mwa mgeni.

Basi turudi kwa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba yake. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu iliamua ya kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba, na mwaka wa 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka wa 2015 na 2016, wasichana 45 katika kila 100 wa Katavi, wenye miaka 15 hata 19, walikuwa wamezaa au wana mimba. Mkoa wetu ulizidi mikoa yote. Sisemi ya kuwa wote waliozwa. Lakini mtoto wa miaka 15 aingiapo nyumba ya watu asiowajua, atawezaje kutambua kama kunong'ona kwa usiku ni kwa heri au kwa shari?

Kanisani twatangaza ndoa Jumapili tatu, na sheria ya serikali nayo yataka taarifa siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye neno la kuizuia aliseme. Huu ni ulinzi mwema, ila walinda mlango wa kuingilia tu. Mdogo yule siku ya arusi hakujua lo lote. Alijua usiku, ndani ya nyumba.

Na hapa ndipo penye shida, kwa maana tumefundishwa ya kuwa mambo ya nyumba ni siri. Jirani asikia kilio, ajifunika shuka. Katika uchunguzi ule ule wanawake 58 katika 100 walisema ya kuwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani. Wanaume waliosema hivyo ni 40 katika 100. Lakini kifungu cha 66 cha sheria ile ya 1971 chakataza kabisa, hata kama desturi ingeruhusu. Basi, walioumizwa wameisadiki haki ya kuumizwa kuliko waumizao! Hayo wamefundishwa na nani, kama si na mama na shangazi waliowaaga siku ya arusi na kuwaambia, "Vumilia"?

Wengine watasema, "Tukizipeleleza nyumba za watu, hapana ndoa itakayosimama." Hofu hii si ya upuuzi, mpelelezi mwenye wivu ameharibu ndoa nyingi zilizokuwa njema. Lakini mtoto yule hakupeleleza kwa wivu. Alilala kwa dada yake, akasikia, akamwambia dada mwenyewe kwanza, wala hakutangaza sokoni. Mtu wa namna hiyo angalifaa kila bibi arusi: shangazi au ndugu ajaye kulala siku mbili tatu, asiye na deni kwa ukoo wa mume.

Mwisho wa hadithi msichana hufika kwao, na watu hufurahi. Sijapata kusikia hata moja isemayo baba alifanya nini zimwi alipokuja kuidai mahari yake.