Khutba ya Ijumaa: Usiilipe Sauti ya Simu

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mama mmoja wa Mudzipela, hapa Bunia, anaona kwenye WhatsApp picha ya magunia ya sukari, wanasema yako Kampala. Bei ni nzuri mno. Anaambiwa atume nusu leo hii kwa M-Pesa au Airtel Money, maana kuna mnunuzi mwingine anangoja. Anatuma dola zake. Jioni namba haipatikani.

Je, kulipa kabla ya kupokea mali ni haramu? Hapana. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza; aliwawekea masharti, kama alivyopokea Ibn Abbas: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Sasa pima ile sukari. Kilo hujui, siku ya kufika Bunia hujui, na muuzaji mwenyewe ni sauti tu! Haraka yake ikizidi maelezo yake, kata simu. Ndugu aliye Kampala aende kwanza aguse magunia, au pesa zishikwe na mtu mnayemwamini nyote wawili mpaka mzigo ushuke. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Vilevile kuna ile mesaji ya “nimekutumia kwa makosa, nirudishie”. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari inayoletwa na fasiki. Mesaji ni habari tu. Pesa ni salio. Liangalie wewe mwenyewe. Na kode ya siri usimtajie anayedai anapiga kutoka kampuni, wala usimwachie kijana wa kabini ya pesa akubonyezee. Mama zetu wengi wanafanya hivyo kwa sababu macho hayaoni vizuri. Waende na mtoto wa nyumbani.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni. Basi mesaji ya malipo usiifute: ina namba, kiasi na saa, na ndiyo hati yako siku ya ugomvi.

Mtume alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini limelowa, na akamtenga mdanganyifu na umma wake. Kijana unayekula kwa kazi hii ya udanganyifu, rudisha pesa za watu, kisha ndipo uombe toba. Na ninyi mnaoishi naye nyumba moja mkijua, msile chakula chake.